Picha Iliyohamisha Watu wa Bondeni

Jamani, kuna aibu mtu anaificha mpaka inazeeka na kufa yenyewe, lakini hii yangu siwezi kuificha kwa sababu nusu ya mji wetu wa Kindu iliiona kwa macho, na mpaka leo nikipita sokoni na kitu kimekunjwa chini ya kwapa kuna mama mmoja muuza sombe, yale majani ya muhogo, ananipigia kelele toka mbali, "Mama Mabomu! Leo tukimbilie wapi?", na wenzake wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao, nitafanya nini. Jina langu ni Zaina. Hilo la Mabomu nilijitafutia mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa mkasi wa kuazima.

Kazi yangu ni kuelimisha watu kwa niaba ya kituo cha afya, napita nyumba kwa nyumba nikiongea habari za chanjo, vyandarua, maji, na tangu utotoni napenda kuchora. Basi akaja mwalimu mmoja toka Kinshasa kutufundisha namna ya kuchukua habari ngumu, zile za tarakimu nyingi zinazoumiza kichwa, na kuzigeuza picha moja ambayo mtu akiitazama anaelewa. Yeye alikuwa anaziita infografia. Rangi kali kwa penye hatari, duara kubwa kwa penye wingi, mshale kwa kitu kinachosafiri. Na akatuambia neno moja ambalo nilililamba kama asali, kwamba picha nzuri inajieleza yenyewe. (Alisema na mengine mengi, nadhani alisema hata kwamba lazima picha ijaribiwe kwa watu kabla ya kutundikwa, lakini hayo niliyasikia kwa sikio lile lisiloshika.) Nikatoka kwenye mafunzo yale kichwa kimevimba, nikiona kila kitu duniani ni duara na mshale.

Haikupita muda, kolera, yaani kipindupindu, ikaingia Bondeni. Bondeni njo (yaani ndiyo, kwa Kiswahili chetu) tunaita kartie ya chini, mtaa ulio karibu na mto, nyumba za udongo zimebanana, na ndiko nilikozaliwa na ndiko mama yangu anakaa mpaka leo. Mimi nimeolewa huku juu, mwendo mfupi tu kwa mguu. Mvua zilikuwa zimejaza vyoo, uchafu ukawa unateremka mpaka kwenye kisima kimoja ambacho karibu kartie nzima inachota. Daktari wetu, Dokta Kalonda, alikuwa anajua yote, ni kisima gani, ni nyumba gani zimeguswa zaidi, maji yanapita wapi. Shida ni kwamba alipokuja kuwaeleza watu alisoma asilimia, asilimia, asilimia, mpaka shefu, mkuu wa kartie mwenyewe, baba Asumani, akasinzia kidevu kimegusa kifua. Nikamwambia, "Dokta, niachie mimi. Nitawachorea."

Nikachora, na mkiniuliza nilivyoiona kazi ile ilipokamilika kwenye kompyuta, nitawaambia sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mji wetu wote unaonekana toka juu kama ndege anavyouona, mto upande huu, reli upande ule. Palipo na wagonjwa niliweka duara jekundu, wagonjwa wengi duara kubwa, na duara la Bondeni likawa kubwa kuliko yote, limeifunika kartie nzima. Mishale ikaonyesha maji machafu yanavyosafiri toka vyooni kuingia kisimani na toka kisimani kuingia majumbani. Na juu ya kila duara nikachora matone makubwa ya rangi ya bluu yanaanguka toka mbinguni, yaani klori, dawa ya maji, kwa sababu kesho yake asubuhi kikosi chetu kilikuwa kipite nyumba kwa nyumba kuigawa. Chini kabisa nikaweka kisanduku cha maelezo: nyekundu ni nini, mshale ni nini, tone ni nini.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Nilikwenda kwa mchapishaji, tukachapa kwenye bashi, lile turubai kubwa la matangazo, na mashine yake ilikuwa imeishiwa wino wa bluu. Matone yakatoka meusi tii. Nikatazama, nikasema, ah, tone ni tone. Tukafika sokoni kutundika, kumbe bashi ni refu kuliko ukuta, ile sehemu ya chini inaburuta matopeni, mbuzi wameanza kuinusa. Na hiyo sehemu ya chini ndiyo ya maelezo. Nikafikiri kidogo (kidogo sana), nikakumbuka neno la mwalimu kwamba picha nzuri inajieleza yenyewe, nikamwazima fundi cherehani wa pembeni mkasi wake, nikakata. Kipande kile nikakipeleka nyumbani, nikafunikia banda la kuku.

Nikarudi kusimama mbali kidogo, mikono kiunoni, nikiiangalia kazi yangu. Watu wakakusanyika. Mwanzo wachache, halafu wengi, halafu ukimya. Soko la Kindu, nawaambia, limenyamaza! Mimi nikafikiri ni heshima. Nikasogea ili angalau wajue mchoraji ni nani.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akaweka kidole juu ya lile duara kubwa. "Hapa njo Bondeni?"

"Njo yenyewe, baba!" nikajibu kwa furaha.

"Na hivi vyeusi vinaanguka juu yake?"

"Hivyo tunaleta kesho."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi. Kila nyumba itapata. Hata moja hatutaiacha."

Mzee akaondoa kidole chake juu ya duara. Mama mmoja nyuma yake akauliza kwa sauti ndogo, "Na serikali inajua?"

"Serikali njo ilikubali," nikasema, nikatabasamu, nikaenda zangu nyumbani kula.

Nakula bugali wangu na binti yangu Amina (mume wangu alikuwa Kalima kwenye machimbo), nikaona mlango umezibwa na godoro. Chini ya godoro kuna miguu, na miguu naifahamu, ni ya mama yangu. Amepanda toka Bondeni mpaka kwangu na godoro kichwani, sufuria mkononi, jasho linamtiririka.

"Simama," akasema. "Tunavuka."

"Tunavuka wapi, mama?"

"Alunguli, ng'ambo ya mto. Na kama Alunguli haifai, tutaingia pori la Kailo kama zamani. Beba mutoto."

"Kuna nini?"

"Wametia alama, Zaina. Wametia alama nyekundu Bondeni nzima. Iko mpaka njia yenye watapita. Kesho asubuhi wanatupa mabomu. Simama nakwambia!"

Hapa inabidi niwaeleze kitu, kwa sababu msiokuwa wa kwetu mtaona mama ni mwoga. Katika miaka ya vita nilikuwa msichana mdogo, na wenye bunduki walikuwa na tabia yao: jioni anapita mmoja na udongo mwekundu kwenye kopo, anachora duara kwenye mlango. Hasemi kitu. Kesho yake wenzake wanakuja, na nyumba yenye duara wanaimaliza, vitu na watu. Mlango wetu ulichorwa. Mama hakungoja kesho; alitubeba tukavuka mto, tukakaa porini, tukala majani bila chumvi mpaka miguu ikavimba, na nyanya yangu tulimzika huko huko kwenye udongo usio na jina. Baba alirudi mjini kutazama kama kumetulia. Hakutuletea jibu. Tangu hapo mama haongei habari za vita, wala mtu akizianzisha hajibu, anainuka tu kwenda kufagia ua ambao tayari ni safi.

Basi mama huyo akisema wametia alama, mimi siulizi ni nani. Na hapa njo penyewe pa aibu yangu, naomba mtulie: mimi, Zaina, mchoraji, mtu niliyeitundika picha ile kwa mikono yangu, niliacha bugali mezani, nikamfunga Amina mgongoni, nikabeba chungu cha maharage yaliyokuwa bado yanachemka, na nikakimbia. Nilikuwa naikimbia picha yangu mwenyewe! Akili ilikuwa imerudi kuwa ya yule msichana wa porini, haikuwa na nafasi ya kufikiri. Njiani ilikuwa kama zamani, watu na magodoro, watu na kuku, toleka, zile baiskeli za abiria, zimepakia wazee na majiko nyuma, na mimi katikati nikipaza sauti na wengine, "Pita! Pita!" (Nilisikika nikimhimiza jirani yangu aache sahani zake. Amenikumbusha mara nyingi.)

Tukiwa tunateremka kuelekea mtoni, mbele yangu kulikuwa na kijana mmoja wa moto, dereva wa pikipiki, anamweleza mwenzake. "Nimeiona na macho yangu. Bashi kubwa pale sokoni. Iko duara nyekundu, iko mishale, na juu yake mabomu nyeusi inaanguka."

Nikasimama katikati ya njia na chungu changu, watu wananipita huku na huku. Duara jekundu. Mishale. Vyeusi vinaanguka. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe kichwani: kesho asubuhi, kila nyumba itapata, serikali njo ilikubali.

"Mama," nikasema.

"Tembea!"

"Mama, ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi nilichora."

Mama akageuka na godoro lake, kwa hiyo nikaona godoro linageuka kwanza, halafu uso. Sijui niueleze vipi uso ule. Hakunipiga. Alisema tu, "Kuna watu wako mtoni, Zaina," na akatangulia mbio kuliko mwanzo.

Kivukoni palikuwa pabaya. Pirogi moja, ule mtumbwi mrefu, ilikuwa imeshaondoka, imepakiwa mpaka maji yanalamba ukingo wake, imejaa akina mama na watoto na vitanda. Nyingine zilikuwa zinagombewa. Na kitu kilichonikata maini zaidi, watu walikuwa wamebeba wagonjwa wao wa kolera, wamewalaza kwenye mchanga, na watoto wenye kiu wanainama kunywa maji ya mto hapo hapo pembeni yao. Yaani picha niliyoichora ili kuuzuia ugonjwa ilikuwa inaupeleka ng'ambo, kwa pirogi.

Nikapanda juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa. "Hakuna mabomu! Ni mimi nilichora! Ni dawa ya maji!"

Mara ya kwanza hakuna aliyesikia. Mara ya pili yule mzee mwenye kofia akageuka, akaninyooshea kidole. "Njo huyu! Njo huyu alisema kesho asubuhi!"

Sasa wakanisikia, lakini si vile nilivyotaka. Wanaume wakaanza kuja upande wangu, nyuso zimefungwa, mmoja ana kasia mkononi, na mtu akapaza sauti, "Njo anatumwa nao! Alitabasamu!" (Ni kweli, nilikuwa nimetabasamu.) Kabla hawajanifikia, mama akatua godoro lake chini kati yangu na wao, akasimama juu yake, mwanamke mfupi wa umri wake, akasema bila kupaza sauti, "Huyu njo mutoto wangu. Mulimuona toka mudogo, nilimubeba kwa huu huu muto. Hana bunduki. Ana ujinga tu. Mumusikilize."

Wakasimama, kwa sababu wengi wao mama, mkunga wa Bondeni, aliwapokea walipozaliwa.

Wakati huo huo Dokta Kalonda akafika nyuma ya moto, shefu Asumani amembana kiunoni, wamekuja baada ya kukuta kartie tupu. Dokta akatazama mto, akatazama wagonjwa mchangani, akanitazama mimi juu ya mtumbwi na mtoto mgongoni na chungu cha maharage mkononi.

"Mama Zaina," akasema, "umefanya nini?"

Mbele ya watu wote. Sikuwa na bashi, sikuwa na kompyuta. Nikateremka, nikampa mama chungu, nikaokota kijiti, nikapiga magoti kwenye mchanga mbichi. Nikachora kisima. Si duara, kisima, na jiwe lake na kamba yake na ile ndoo iliyotoboka.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

"Kisima," akajibu mama mmoja, bado ana hasira. "Njo cha kwetu. Iko na ndoo ya kutoboka."

Nikachora choo juu ya mteremko. "Na hiki?"

"Choo."

"Mvua ikinyesha, maji ya choo yanaenda wapi?"

Alifuata mteremko wa mchanga kwa macho, toka choo mpaka kisima, halafu akashika mdomo. "Mama yangu wee," akasema. "Tunakunywa vile?"

Ikawa minong'ono, watu wanainama kuona, wa nyuma wanawauliza wa mbele. Nikachora bidoni, lile dumu la maji, nikachora mkono unatia dawa ndani yake, nikawaeleza kwamba hilo ndilo linalokuja kesho asubuhi, kila nyumba, na kwamba nyekundu ilikuwa ya wagonjwa, na mishale ni ya maji, si ya jeshi.

"Na vile vyeusi?" yule mzee akauliza. "Vile vyeusi vinaanguka?"

"Matone, baba. Tone la dawa. Wino wa bluu uliisha."

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, nikadhani mama analia. Alikuwa anacheka. Alikuwa amekaa kwenye godoro lake, ameshika mbavu, machozi yanamtoka, anarudia, "Wino iliisha! Nimebeba godoro mpaka hapa, kumbe wino iliisha!" Mama mwingine akadakia, na mwingine, na kile kicheko kikaenea kivukoni kote kama moto wa nyasi kavu, hata yule wa kasia alicheka mpaka akaliegemea.

Mimi sikucheka, mimi nilikuwa naangalia mto. Ile pirogi iliyojaa ilikuwa katikati, na wapiga makasia waliposikia kelele walisita, ikayumba, ikaingiza maji. Shefu Asumani akawapungia nguo yake warudi polepole, polepole. Sijawahi kuona chombo kinachotembea taratibu vile. Kilipogusa mchanga, na akina mama wakashuka mmoja mmoja na watoto wao wamelowa lakini wazima, wote wazima, ndipo nilipokaa chini matopeni na kulia mbele ya Kindu yote. Mama mmoja aliyeshuka kwenye pirogi ile aliniuliza mimi nina shida gani.

Siku hiyo hiyo Dokta aliliteremsha bashi. Akaniuliza maelezo yako wapi. Nikaenda kwenye banda la kuku, nikamletea kipande, na alama za kuku juu yake. Akakisoma kwa sauti, na hapo nikagundua kwamba hata nisingekata isingesaidia kitu, kwa sababu niliandika yote kwa Kifaransa, "cas notifiés" na "aire de santé", Kifaransa cha ripoti. Dokta akamgeukia mama. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia sauti yako, dokta," mama akajibu. "Ni sauti muzuri."

Hakunifukuza. Alisema na yeye alisoma asilimia mpaka shefu akakoroma, kwa hiyo tuko sawa. Kesho yake asubuhi dawa iligawiwa, na hakuna nyumba iliyokataa, watu walitungoja mlangoni na bidoni zao wakisema, "Leteni bomu yetu!" Hata leo Bondeni ukitaka klori unaomba bomu, na wageni wanashtuka. Kile kisima kikafungwa. Picha nyingine nikazichora nikiwa nimekaa na akina mama wenyewe, kila picha jambo moja, kisima ni kisima, bidoni ni ya manjano kama walizo nazo, maneno machache kwa Kiswahili, na tukaitundika kila moja pale pale inapohitajika, badala ya kuujaza mji wote kwenye turubai moja. Ugonjwa ukapungua, ukaisha. Wale wagonjwa waliolazwa mchangani siku ile, nawaona wakipita, wananisalimia wakiangalia juu kama kuna kitu kinaanguka.

Kwa hiyo nimeapa, na hiki ni kiapo cha mtu aliyeikimbia kazi yake mwenyewe: picha yangu haitatoka tena nje kabla sijamwonyesha mtu asiyeniogopa, nikafunga mdomo wangu, nikamwacha aniambie anaona nini. Juzi nilikuwa nachora mtoto anayepigwa chanjo. Nikampelekea jirani yangu mama Furaha, yule niliyemhimiza aache sahani. Akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akasema, "Umechora vizuri. Lakini kwa nini wanamuchinja mbuzi?"

Nikamshukuru kwa moyo wote, nikairudisha ndani, nikaanza upya. Mbuzi huyo alifia jikoni kwangu, hakufika sokoni.